Golf GTI ya 2007 Mtwara: niuze au nitengeneze?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Ligula, Mtwara mjini. Mwaka jana nilinunua Volkswagen Golf GTI ya 2007 kwa mtu wa Dar, dashibodi inasoma kilomita 128,000. Bei ilikuwa nzuri na gari linakimbia kweli. Ila nikikanyaga mafuta kwenye mlima wa kupanda Newala nguvu inakatika, taa ya cheki injini inawaka, na mashine inasoma P2293. Oili inapungua, naongeza lita moja kila kilomita 1,500 hivi. Gia nazo, gari likishapata moto, linatetemeka ninapoondoka. Fundi wa kwanza kasema ninunue pampu mpya ya petroli, wa pili kasema nibadilishe injini nzima, wa tatu kasema niuze nichukue Toyota RunX. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa leo usimsikilize hata mmoja. Wote watatu wamekupa jibu kabla ya kufungua chochote, na gari hili ukilitengeneza kwa kubahatisha litakumaliza. Kuna kipande kimoja kidogo cha chuma ambacho lazima kitolewe na kuangaliwa kwanza, na hali yake ndiyo itakayokuambia kama una gari la kutengeneza au la kuuza.

Injini yako ni 2.0 TFSI yenye turbo, farasi 200. Herufi zake ni AXX au BWA, na utazikuta kwenye stika nyeupe iliyobandikwa ndani ya buti, kwenye shimo la tairi la akiba. Petroli haipuliziwi kwenye manifoldi kama kwenye Toyota ulizozizoea, inaingia moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo kuna pampu mbili. Ya kwanza ni ya umeme, imo ndani ya tangi, nayo huleta petroli mbele kwa presha ndogo. Ya pili ni ya presha kubwa, imefungwa mwishoni mwa silinda hedi upande wa gia boksi, yaani upande wa abiria. Hii inasukumwa na kamshafti, yaani shafti inayofungua vavu, na presha kwenye reli huwa karibu baa 50 gari likiwa sailensa (limewaka bila kukanyagwa mafuta) na hupanda hadi karibu 110 unapokanyaga mafuta yote. P2293 maana yake kompyuta imeagiza presha fulani na reli haikuitoa. Haisemi ni nani wa kulaumiwa.

Kati ya kamshafti na pampu ile ya pili kuna kikombe kidogo cha chuma, mafundi wa Volkswagen wanakiita folowa. Kina ukubwa wa kizibo cha soda na kimepakwa rangi nyeusi ngumu ya kuzuia msuguano. Kamshafti inakisugua kila injini inapozunguka. Rangi nyeusi ikiisha, chuma kinaanza kulika, kinakuwa chembamba, mwisho kinatoboka. Hapo mkia wa pampu unaanza kugonga kamshafti yenyewe: pampu haipandi hadi juu, presha inashuka unapohitaji nguvu, na unga wa chuma unaingia kwenye oili. Dalili ya kwanza ambayo dereva huiona ni hiyohiyo uliyoeleza, nguvu kukatika mlimani. Ukifunga pampu mpya juu ya folowa iliyotoboka, nayo itaharibika.

Kazi ya kuifungua ni ya saa moja na nusu kwa mtu makini, na gari liwe limelala usiku kucha. Chomoa fyuzi ya pampu ya tangi, piga stata mara mbili tatu ili presha iishe, kisha toa waya hasi wa betri. Toa kava ya juu ya injini. Zungushia matambara chini ya pampu, kwa sababu petroli itachuruzika tu, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara jirani. Chomoa soketi ya umeme, fungua mpira wa petroli inayoingia, halafu bomba la chuma linalokwenda kwenye reli. Shika kiungo cha pampu kwa spana ya pili ili usikisokote.

Pampu imeshikwa na bolti tatu za nyota T30. Zifungue kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, kwa maana kuna springi inayoisukuma pampu nje. Ukimaliza bolti moja kabisa kabla ya nyingine utapinda mdomo wa pampu au kuvunja nyuzi kwenye aluminiamu ya hedi. Kama springi inasukuma kwa nguvu sana, zungusha injini kwa mkono kwa spana ya kranki, kufuata mshale wa saa, hadi kamshafti igeuze upande wake wa chini. Pampu ikitoka, ingiza kijiti cha sumaku uvute folowa.

Sasa iangalie kwenye mwanga. Uso ukiwa mweusi wote, au una duara la kijivu katikati lakini laini, una bahati: weka mpya, funga, endelea. Ukiona bakuli limechimbika, kucha inakwama, lakini halijatoboka, weka mpya na uchunguze kamshafti kwa tochi na kidole. Ikiwa imetoboka, usiwashe injini tena. Angalia kamshafti: sehemu inayosukuma pampu ikiwa na mifereji, hiyo kamshafti imekwisha, na mkia wa pampu nao kwa kawaida umeshaumia. Namba ya folowa ni 06D 109 309 C. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na chochote kingine kwenye gari hili, kwa hiyo agiza mbili. Wakati wa kurudisha ipake oili safi, mdomo ulio wazi uelekee kwenye pampu, weka oringi mpya, bolti zikazwe kwa zamu hadi Nm 10 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Washa, acha ikae sailensa dakika tano, pitisha kidole na pua kuzunguka viungo vyote. Petroli ya baa 50 ikivuja juu ya injini ya moto huna muda wa kutafuta ndoo ya mchanga. Baada ya hapo folowa ifunguliwe kila kilomita 15,000.

Ukikuta folowa ni nzima, P2293 inatafutwa kwa kurudi nyuma. Anza na filta ya petroli iliyo chini ya gari karibu na tangi. Kwa mtu anayezunguka Tandahimba, Newala na Nanyumbu, filta hiyo ndiyo mshukiwa wangu wa pili, kwa sababu ya petroli ya vidumu na chupa inayouzwa vijijini. Ina vumbi, mara nyingine ina maji, na injini ya Toyota inayoimeza bila kulalamika si kipimo. Mimi ningeibadilisha kila kilomita 25,000 badala ya kusubiri ratiba ya kiwandani. Kisha pima presha ya pampu ya tangi, kisha vavu ya kupunguza presha kwenye reli ambayo huchoka na kuachia mapema. Skana yenye uwezo wa kusoma presha inayotakiwa na presha halisi kwa wakati mmoja ndiyo inayosaidia kuwachunguza hawa watatu: mtu mmoja aendeshe, mwingine asome, gia ya tatu, mafuta yote, kwenye mteremko mrefu wa kupanda. Skana ndogo za bei rahisi zinazosoma namba za hitilafu tu hazitoshi kwa kazi hii. Mtafute mwenye VCDS au OBDeleven, skana za Volkswagen.

Kuhusu petroli yenyewe, ndani ya kifuniko cha tangi pana stika ya oktani. Injini hii ilitengenezwa kwa 98, na 95 inakubalika kwa nguvu pungufu kidogo. Ikipata chini ya hapo, sensa ya noki, inayosikia injini ikigonga, inachelewesha cheche kujilinda, gari linakuwa zito na linakunywa zaidi. Halitakufa kwa hilo. Lakini usikubali mtu alitie programu ya kuongeza nguvu, maana programu hizo zimeandikwa kwa petroli ambayo huwezi kuihakikisha huku.

Tuje kwenye oili. Lita moja kwa kilomita 1,500 ni kama lita 0.67 kwa kilomita 1,000. Kikomo cha kuvumilia kwa injini hii ni nusu lita kwa kilomita 1,000, hivyo umevuka, ila hujafika mahali pa kulia. Kwanza niambie ni oili gani umeweka. Kama ni 20W-50 ya kawaida, hiyo ni sehemu ya tatizo. Mafundi wengi wa kusini wanaipenda kwa hoja kwamba joto letu linahitaji oili nzito. Hoja hiyo ina mantiki kwa injini ya zamani isiyo na turbo. Kwa hii, oili nzito ya madini inachelewa kufika kwenye turbo asubuhi, inaungua na kuwa masizi kwenye mirija ya turbo, na inachangia kuila folowa. Weka sintetiki kamili 5W-40 yenye maandishi VW 502 00 mgongoni mwa dumu. Inaingia lita 4.6 pamoja na filta. Nunua dumu la lita tano, zinazobaki ziwekwe kwenye buti. Kitabu kinaruhusu kilomita 15,000. Hapa Mtwara, kwa joto hili na vumbi la barabara za korosho, ni 7,000 na usizidishe.

Ukishaweka oili sahihi, pima upya: gari mahali tambarare, injini ya baridi, jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, rudia baada ya 1,000. Mara nyingi kiasi kinapungua kwa hilo peke yake.

Kama hakikupungua, mshukiwa ni vavu ya kupumulia injini, hicho kidude cha plastiki kilichokaa juu ya kava ya vavu chenye mipira miwili. Ndani yake pana ngozi ya mpira ambayo hupasuka. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha oili. Kikinyonywa kwa nguvu hadi ukipate kwa shida, na injini ikibadilisha sauti au kupiga mluzi, vavu imekufa. Ikipasuka inavuta mvuke wa oili moja kwa moja kwenye manifoldi, na upande mwingine turbo inasukuma hewa ndani ya injini hadi sili ya nyuma ya kranki inaanza kuvuja. Sili hiyo inahitaji kushusha gia boksi, kwa hiyo vavu ya plastiki ni ya kubadilishwa mapema. Tafuta toleo jipya lenye ngozi imara zaidi, usinunue yuzdi.

Moshi nao unaongea. Wa bluu unaotoka kwa sekunde chache tu baada ya gari kukaa sailensa muda mrefu na kisha kukanyagwa, huo unaelekea kwenye turbo au sili za vavu. Wa bluu wakati wote ukiwa na mzigo, piga kompresheni, yaani pima presha ya silinda: silinda nne zisipishane zaidi ya baa 3. Zikipishana sana, ndipo fundi wako wa pili ataruhusiwa kuzungumza habari ya injini.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami silipiti: taiming belti. Hujui ilibadilishwa lini, na aliyekuuzia asipokupa risiti hesabu kwamba haijawahi. Belti hii ikikatika au kuruka meno, pistoni zinagonga vavu na zinapinda. Hapo hakuna la kujadili tena. Kilomita 100,000 ni kikomo changu, na kwa gari la umri huu mpira unazeeka hata likiwa limekaa. Nunua kiti nzima: belti, tenshena, roli, wota pampu na bolti mpya, kwa sababu wota pampu inazungushwa na belti hiyohiyo. Fundi asikuambie pampu bado nzuri. Akifunga injini na pampu ya zamani ikaanza kuvuja baada ya miezi mitatu, utalipa kazi ileile mara ya pili. Upande wa pili wa hedi kuna cheni fupi inayounganisha kamshafti mbili. Ikilia kama kokoto kwenye kopo kwa sekunde mbili tatu asubuhi, tenshena yake inaomba kubadilishwa.

Maji ya rejeta yawe kulanti ya G12, ile ya rangi ya waridi, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, na nyumba ya temostati na viungo vyake kwenye gari hili ni plastiki. Na tambua hili: sindano ya joto ya Volkswagen imepangwa ikae kwenye 90 ingawa joto halisi linapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ikianza kusogea juu ya 90 ujue umeshachelewa. Ukiwa na skana ndogo ya simu, soma joto halisi kwenye mlima wa Newala ukitokea Masasi na AC ikiwa imewaka. Likizidi 110 kaza macho: angalia feni zote mbili zinazunguka, angalia kiwango cha maji, angalia madoa ya waridi yaliyokauka chini ya manifoldi. Ukifika juu, iache injini ikae sailensa dakika moja kabla ya kuzima, turbo ipoe.

Sasa gia. Gia boksi yako ni DSG ya gia sita, DQ250, yenye klachi mbili zinazoogelea kwenye oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na kitengo cha vavu na kompyuta yake, mekatroniki, kusukuma klachi. Kwa hiyo oili ikichakaa unaharibu vitu viwili kwa mkupuo. Hubadilishwa kila kilomita 60,000, na gari lililotoka Japani likapita mikono miwili mitatu Dar mara nyingi halijawahi kubadilishwa, kwa sababu fundi aliambiwa gia ya otomatiki haiguswi. Kutetemeka wakati wa kuondoka, gari likiwa la moto, ndiyo dalili ya mwanzo. Dalili za mwisho ni herufi za gia kupepesa kwenye dashibodi, kukosa rivasi, na gari kuingia hali ya kujilinda likibaki na gia chache.

Usikubali mtu akutilie hydroliki ya kawaida ya otomatiki. Inahitaji oili ya DSG ya klachi za majimaji, namba ya VW ni G 052 182. Nunua lita sita na filta yake pamoja na oringi. Fundi atakayefanya awe na adapta ya kujazia kutokea chini, na skana ya kusoma joto la gia boksi, la sivyo hajui anachokifanya.

Gari likae tambarare kabisa, juu ya lifti au juu ya stendi nne. Jeki ya mbele peke yake inaharibu kipimo. Filta iko juu ya gia boksi, chini ya eneo la betri na boksi la hewa. Ifungue, iache idondoke, weka mpya, kava yake Nm 20. Chini kuna plagi ya kumwagia. Ukiitoa kitatoka kidogo tu, na hapo mafundi wengi wanadhani imeisha. Ndani ya tundu hilo kuna mrija wa plastiki wa kupimia kiwango, unafunguliwa kwa aleni ya 8. Utoe, ndipo lita tano na zaidi zitashuka. Chunguza kilichotoka: nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ya kutarajia, unga laini wa kijivu pia, lakini vipande vinavyong'aa vinavyohisika kwa vidole ni habari mbaya.

Rudisha mrija kwa mkono mwepesi, jaza kama lita tano kupitia adapta, washa injini, kanyaga breki na pitisha lever P, R, N, D, S, kila moja sekunde chache. Fuatilia joto. Kati ya nyuzi 35 na 45 ndipo kiwango kinapimwa: ondoa adapta, oili ya ziada itatoka kupitia mrija, na ikigeuka matone funga plagi kwa washa mpya, Nm 45. Huku kwetu kazi hii ifanywe alfajiri, gari likiwa limelala, kwa sababu mchana wa Mtwara gia boksi huanza ikiwa tayari juu ya 30 na inavuka 45 kabla fundi hajamaliza kutafuta ndoo. Ukipima ikiwa na 60, oili imetanuka, unafunga ikiwa pungufu, na kutetemeka kunarudi.

Ukimaliza, skana ifanye mpangilio mpya wa klachi. Angalia betri pia. Betri dhaifu inaitia mekatroniki wazimu na watu wameuza magari kwa sababu hiyo.

Uendeshaji wako nao una mchango. Klachi za DSG zinaungua unapoliachia gari litambae polepole mlimani, au unapolishikilia kwenye mteremko kwa mafuta bila breki. Foleni ya kupanda kivuko cha Msangamkuu ni mfano mzuri: simama kwa breki hadi nafasi ipatikane, kisha ondoka kwa uhakika. Usilisogeze nusu mita nusu mita.

Vingine nitapita haraka. Koili na plagi za cheche: injini ikimisi na taa ya cheki injini ikipepesa, punguza mwendo na simama, kwa maana petroli isiyoungua inayeyusha katalaiza, kisafisha moshi kwenye ekzosi. Hamisha koili ya silinda inayomisi kwenye silinda nyingine; namba ya hitilafu ikihama nayo, umempata. Plagi kila kilomita 30,000 kwa hali ya huku, soketi ya 16. Ukiishi karibu na bahari, Shangani au Mikindani, chumvi inakula soketi za umeme na sensa za ABS, kwa hiyo suuza chini ya gari kwa maji baridi, lakini vijana wa kuosha magari wasipige injini hii kwa mashine ya presha. Maji yakiingia kwenye visima vya koili utakaa nayo siku mbili.

Turbo ikikosa nguvu na skana ikasema P0299, anza na vavu ndogo ya kuachia upepo chini ya turbo. Ya zamani ina ngozi inayochanika, toleo la baadaye lina pistoni. Na masizi: kwa kuwa petroli haioshi vavu za kuingizia hewa, zinajenga tabaka jeusi. Gari likitetemeka asubuhi tu likiwa la baridi na koili ni nzima, siku ya kufungua manifoldi mwambie fundi azisafishe kwa brashi na dawa, silinda moja moja, vavu zikiwa zimefungwa ili uchafu usidondoke ndani.

Miguu: GTI imekaa milimita 15 chini kuliko Golf ya kawaida, na ukijua makorongo ya barabara za vumbi kwenye uwanda wa Makonde wakati wa masika, ondoa mawazo ya kuishusha zaidi. Kama lina rimu za 18, tafuta za 17 zenye tairi 225/45R17, zitakuokolea rimu na bushi. Matundu yake ni 5x112 na linatumia bolti, si nati. Rimu za Toyota haziingii, na anayekuambia atazilazimisha kwa adapta mwache aende. Kwenye maji yaliyosimama usizidishe usawa wa katikati ya rimu. Mei 2024 mafuriko yalipokata barabara kuu ya Dar kule Somanga, magari yalibaki pande zote mbili. Na gari ambalo spea zake zinatoka Gerezani, Dar, kwa basi lazima uhesabu hilo.

Kwa hiyo kwenye buti ukienda Masasi au Newala beba koili moja, plagi nne, folowa, lita moja ya 5W-40, chupa mbili za kulanti iliyokwisha changanywa, T30, soketi ya 16 na skana ya simu.

Pesa zako zipangwe hivi. Mwezi wa kwanza folowa, oili, filta ya petroli na skani kamili. Usifanye safari ya mlimani kabla ya hapo. Mara tu baada ya hapo taiming belti, hata kama gari halijalalamika. Kisha oili ya DSG. Hayo matatu yakipita salama, tenga kila mwaka karibu robo ya bei uliyonunulia kwa ajili ya matengenezo, na utakuwa na gari ambalo kwenye barabara ya Mingoyo halina mpinzani kwa pesa yako. Kama robo hiyo hujui itatoka wapi, fundi wako wa tatu ana hoja. RunX yenye injini ya 1NZ si gari la kusisimua, lakini spea zake utazipata mpaka Tandahimba. Ukitaka la katikati, tafuta Suzuki Swift Sport ya 1.6, umbo la ZC31S, injini ya M16A: ina cheni badala ya belti, haina turbo, na inacheka kwenye kona.

Uza bila kusita katika hali mbili. Moja, folowa imetoboka, kamshafti imelika, na oili uliyomwaga ina chembe za chuma. Hapo ubaya umeshasambaa. Pili, gia boksi imetoa vipande vinavyong'aa na kutetemeka hakukuisha baada ya oili mpya na mpangilio wa klachi. Zote mbili mwambie mnunuzi wazi, kwenye bei, kabla hajaandika jina lake kwenye kadi.

Injini ya yuzdi ifikiriwe tu kama kompresheni imekataa. Na kabla hujailipia, ikiwa bado imelala kwenye sakafu ya duka, mwombe muuzaji akuruhusu utoe bolti tatu za pampu. Akikataa, usinunue. Akikubali, uone folowa yake ina rangi gani.